Bakuli la Bukuru

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimefundisha miaka kumi na ushee, na muda wote huo nimekuwa mtu wa kucheka habari za mizimu. Kwetu Singida wakubwa wakianza kusimulia misukule jioni, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusinzia. Kwa hiyo usidhani nimekaa hapa natunga. Haya yalinipata mimi, mchana, nikiwa nimeshiba na akili zangu timamu, na ushahidi wake uko juu ya kabati la jikoni kwangu hapa Kibondo. Ukitaka kuuona karibu sana, ila njoo siku ya jua.

Ilikuwa mwaka 2014, msimu wa mvua, nikiwa bado nafundisha Kasulu. Kuna watu wa Ulaya walikuwa na mradi wao wa hali ya hewa. Walikuwa wamepiga picha vitabu vya zamani vya meli za kivita, vile ambavyo maofisa wa meli walikuwa wanaandika kila baada ya saa kadhaa: upepo unatoka wapi, joto ni kiasi gani, mawingu yakoje, meli imefika wapi. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha meli ya Waingereza iliyokuwa kwenye Ziwa Tanganyika wakati wa vita ya Mjerumani. Sasa kompyuta haiwezi kusoma mwandiko wa mkono wa miaka mia iliyopita, na kwa kuwa ziwa ni letu, wakatafuta watu wa huku wa kujitolea kukisoma na kukinakili. Wakapatikana walimu na wauguzi, kikundi kimoja Kasulu na kingine Kibondo. Malipo hakuna, ni cheti na fulana.

Tulikuwa tunafanyia kazi hiyo kwenye chumba cha kompyuta, pale walimu walipokuwa wanakutana kwa semina. Meza zetu zilinunuliwa Mtabila kambi ilipofungwa, nyingine bado zina namba za wakimbizi zilizoandikwa kwa rangi nyeupe. Na utaratibu ulikuwa hivi, naomba unisikilize vizuri hapa maana ndipo nilipoharibu. Kila ukurasa unasomwa na watu watatu, kila mmoja kivyake, bila kuona mwenzake ameandika nini. Wakimaliza, mashine inalinganisha. Wawili wakifanana, hilo la wawili ndilo linaloingia kwenye kumbukumbu na la tatu linatupwa. Ukurasa ukishafungwa, picha yake inaondolewa kwetu, yanabaki yale maandishi yaliyonakiliwa basi.

Halafu kulikuwa na cheo. Aliyenakili kurasa nyingi kuliko wote aliitwa nahodha wa meli, na jina lake lilikaa juu kabisa, kila mtu duniani anaweza kuliona. Mimi mtu wa Singida, ambaye meli nimepanda mara moja tu tena nikatapika njia nzima, nikautaka unahodha. Niliutaka mpaka nikawa najishangaa. Kuna tabibu mmoja wa Kibondo alikuwa mbele yangu kwa kurasa kumi na moja, simjui hata sura, lakini nilimchukia yule mtu.

Nikafanya ujanja. Mwenzetu Mwalimu Joyce alikuwa amehamishiwa Mpanda, na nywila yake alikuwa ameibandika chini ya kibodi kwa gundi ya karatasi. Nikawa nasoma ukurasa mara moja, nauingiza kwa jina langu, nahamia kiti cha Joyce, nauingiza tena kwa jina lake. Wasomaji wawili wamefanana, ukurasa unafungwa, nasonga mbele. Huyo wa tatu aandike atakavyo, hana nguvu tena. Na ili niende haraka zaidi nikawa naandika namba tu. Chini ya namba za kila siku kulikuwa na mistari miwili mitatu ya matukio: kuni zilizopakiwa, nani mgonjwa, nani kachapwa. Mwandiko wake ni mdogo, wino umefifia, mstari mmoja unaweza kukukalisha robo saa. Tulikuwa tumeambiwa tuandike yote, hasa majina ya watu. Lakini mashine ilikuwa inahesabu kurasa tu, kwa hiyo mimi mistari ile nikawa naiacha wazi. Nilijiambia, waliokufa wamekufa, hawa wazungu wanatafuta mvua.

Basi siku hiyo ilikuwa alasiri, saa tisa hivi. Mvua ya Kasulu unaijua? Inashuka na ukungu wake, saa tisa unawasha taa. Nilikuwa peke yangu. Nimeshaingiza ukurasa mmoja kwa jina langu na kwa jina la Joyce, nasubiri mtandao urudi nibonyeze pale penye neno la kukamilisha. Nikasikia mtu anapiga makofi taratibu mlangoni, wanavyosalimia Waha wakikuheshimu, akasema, "Mwakeye."

Mwakeye ni salamu ya asubuhi. Nikacheka kidogo, nikamwambia mzee wangu, au niseme ndugu yangu, saa hizi watu wanarudi shamba. Hakucheka. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kavaa kipande cha kaniki kiunoni na shati kuukuu lisilo na kola, amelowa chapachapa. Sikushangaa, nje mvua ilikuwa inanyesha. Kilichonishangaza ni harufu. Chumba kizima kilijaa harufu ya dagaa wabichi, ile ya mwaloni kwa wavuvi kabisa, na Kasulu ziwa liko mbali.

Nikadhani ni mtu wa kijijini kaja kuuliza habari za babu yake, maana walishakuja wawili watatu wakisikia kuna kitabu cha zamani. Nikampa kiti, hakukaa. Alikuja mpaka nyuma yangu, akanyoosha mkono juu ya bega langu, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, chini kabisa ya ukurasa.

"Mwalimu," akasema, "umenipita."

Kidole kile kilikuwa cheupe na kimekunjamana, kama cha mama aliyefua kutwa. Nikasoma pale alipoweka. Na niamini, mstari ambao ningeusoma kwa robo saa niliusoma mara moja, herufi zote zimekaa wazi. Uliandikwa kwa Kiingereza, nami nakuambia ulivyosema: mpagazi Bukuru, Mha, ameanguka majini saa kumi na mbili asubuhi akiteka maji ya kupikia. Boti haikushushwa. Upepo wa kusini, wa wastani.

Nikamuuliza huyu Bukuru ni babu yake? Kisha akaeleza kwa Kiswahili cha taabu, anatafuta kila neno. Kwamba nyumbani ni Munanila. Kwamba walizaliwa pacha, Bukuru na Butoyi, Bukuru akachukuliwa na askari kubeba mizigo, Butoyi akabaki. Kwamba Butoyi ana mtoto wa kike, sasa ni bibi kizee, na bibi huyo bado anamwekea chakula Bukuru. "Mwandike," akasema. "Ukishaandika, peleka karatasi kwa mtoto wa Butoyi, aache kuningoja. Siku zake ni chache."

Alisema kuningoja. Nililisikia neno lile na nikajifanya sikulisikia.

Nikamwambia sawa, nitaandika. Hakuondoka. Nikamwambia tena, sawa ndugu yangu, nenda, nitaandika, na nilipogeuka hayupo. Sikusikia mlango. Sakafuni palikuwa na maji, alama za nyayo zinakuja mpaka kwenye kiti changu, na hakuna zinazorudi. Nikatoka mbio hadi kwa mlinzi getini, naye akaapa kwamba tangu saa nane hajaingia hata mbwa.

Sasa utasema, hapo ndipo mtu mwenye akili anakaa chini anaandika ule mstari. Hata mimi leo nasema hivyo. Lakini niliporudi ndani mtandao ulikuwa umekamata, kijiti kimoja tu, kile cha kukatika wakati wowote. Kuandika ule mstari ilibidi nifungue ukurasa upya kwa jina langu, halafu upya kwa jina la Joyce, na tabibu wa Kibondo alikuwa ameongeza kurasa nyingine mbili mchana ule. Nikajiambia, ngoja nikamilishe kwanza, mstari nitauongeza kesho. Nilijua fika kwamba ukurasa ukifungwa hauongezwi kitu. Nikabonyeza.

Alhamisi akaja Papa Asukulu. Huyu alikuwa mkimbizi wa Kikongo kutoka Nyarugusu, mwalimu wa zamani huko kwao Fizi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku alizopata kibali cha kutoka kambini alikuwa anakuja kuuza sabuni, akimaliza anakuja kwetu kunakili. Alikuwa mzito, ukurasa mmoja saa nzima, tukimtania kwamba meli itazama kabla hajafika bandarini. Siku hiyo hakufungua hata kompyuta. Alikaa mbele yangu na kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema, "kuko page moja, mtu alianguka mu maji. Mimi niliandika jina yake. Leo naona haiko. Machine inasema babili hawakuona kitu, ni mimi tu niliona. Hao babili ni nani?"

Nikamwambia sijui, labda watu wa Kibondo. Nikamwambia macho yanachoka, huenda hata yeye aliona vibaya. Maneno hayo niliyasema nikimtazama usoni, na bado yananiuma kuliko mengi niliyowahi kusema.

Akavaa kofia yake. "Kule kambini, jina ikikosa ku liste, mtu hakule," akasema. "Mimi siwezi kukosea jina ya mtu." Akaondoka na sabuni zake, na hakurudi tena kwenye kazi ile.

Siku tatu baadaye mvua ilinyesha tena, saa zilezile. Safari hii tulikuwa wanne chumbani, walimu watatu upande wa dirishani wanabishana habari za mpira. Mimi niko kwenye kiti changu. Harufu ya dagaa ilipoanza niliinamisha kichwa, nikawa naandika namba kwa nguvu. Nikasikia kiti cha Joyce kinavutwa. Nikageuka. Alikuwa amekaa pale, maji yanamtiririka kutoka kichwani yanaingia kwenye kibodi, mikono kaiweka magotini, anatazama kioo kilichozimwa.

"Huyu wa pili yuko wapi?" akauliza, sauti ya chini kabisa. "Nimekwenda kumwomba na yeye. Nimemtafuta pote. Simwoni."

Wenzangu wakaendelea na mpira wao. Mwalimu mmoja akakunja pua, akauliza nani kaleta dagaa humu, akafungua dirisha. Yule mtu akageuza uso polepole kuniangalia, na nikaona ameelewa kwamba huyo wa pili nilikuwa mimi. Hakukasirika. Ningeona afadhali angekasirika. Aliniangalia kwa uchovu wa mtu aliyefukuzwa ofisi zote akafika ya mwisho, akainua mikono, akapiga yale makofi yake mawili ya heshima. Kisha nikawa natazama kiti kitupu chenye maji. Ile kibodi ya Joyce haikuwaka tena, fundi alisema ndani imeingia mchanga.

Hapo pia sikwenda Munanila. Ndiyo, cheka tu, au nitukane. Zilikuwa zimebaki siku tisa mashindano ya unahodha yafungwe. Niliogopa, nikaacha kukaa pale alasiri, nikawa nakwenda asubuhi kabla ya vipindi, naandika namba. Jina la Joyce sikulitumia tena, hilo nalo nilijihesabia kuwa nimetubu. Siku ya tisa nikampita tabibu wa Kibondo kwa kurasa tatu. Wakanipigia makofi, mwalimu mkuu akanunua soda, jina langu likakaa juu kabisa: nahodha. Niliposhika ile soda mkono wangu ulikuwa umekunjamana vidole vyote vitano, mweupe, na sikuwa nimegusa maji tangu asubuhi.

Kesho yake nikapanda bodaboda kwenda Munanila.

Njia ilikuwa matope matupu, tulisukuma pikipiki kuliko tulivyoipanda. Nilipouliza kwa Butoyi nilielekezwa mara moja, kila mtu anapajua. Na nilipokaribia nikaona watu wamekaa nje chini ya maturubai, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, sufuria kubwa mekoni. Sikuhitaji kuambiwa. Nikasimama palepale kwenye migomba.

Bibi Anastazia, mtoto wa Butoyi, alikuwa amezikwa juzi yake.

Mwanawe mkubwa alinipokea vizuri sana. Anaitwa Mzee Filemoni, mtu wa miaka sitini, mtaratibu wa maneno. Alinipa kiti na kunisikiliza. Nilimweleza habari ya meli na kitabu, sikumweleza mgeni wangu. Nikasema nimekuta jina la Bukuru wa Munanila. Watu waliokuwa karibu wakasogea wote.

Akanieleza mambo ambayo mimi mgeni wa mkoa ule sikuyajua. Kwamba kwao pacha hawatenganishwi, hata kwenye msiba. Bukuru alipochukuliwa hakuna habari iliyorudi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema amekufa. Butoyi alipokuja kufa uzeeni alizikwa, lakini msiba wake haukuondolewa, maana huwezi kuondoa msiba wa pacha mmoja huku mwenzake yuko njiani. Ukawekwa hivyo hivyo, miaka na miaka. Kila ugali ukipikwa jioni, tonge la kwanza na maharage yake vinaingia kwenye bakuli la mti lenye mfuniko, la Bukuru. Aliweka mama wa hao pacha, akaweka Butoyi mwenyewe, akaweka Anastazia. Na ukoo ule hauli dagaa wala mgebuka. Nilipouliza kwa nini, Mzee Filemoni akasema, "Hatujui hao samaki wamekula nini."

Mama yake alikuwa ameomba kitu kimoja kabla hajafa: apatikane mtu wa kusema Bukuru alikomea wapi, hata kwa kipande cha karatasi. Wangekizika kile kipande kando ya Butoyi kana kwamba ni mwili, wakaondoa misiba yote mitatu kwa siku moja. Wiki yake ya mwisho alikuwa anaamka alasiri mvua ikinyesha, anawaambia waweke kiti, mgeni wa Kasulu yuko njiani na karatasi.

"Sasa umefika," Mzee Filemoni akasema. "Umechelewa kidogo, lakini umefika. Tuoneshe karatasi, tuzike."

Jamani. Nilikuwa na simu yenye mtandao, nikaifungua mbele yao. Nikautafuta ukurasa, nikaupata, nikaenda mpaka chini. Namba zote zimekaa sawasawa, upepo, joto, mawingu. Pale penye matukio palikuwa peupe. Juu yake imeandikwa kwamba wasomaji wawili wamekubaliana. Mzee Filemoni akachukua simu, akaitazama mwenyewe, anajua kusoma. Akanirudishia.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Lakini wewe ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ukaandika?"

Hapo ndipo nilipopasuka. Nikalia mbele za wazee wa watu, nikasema yote, Joyce, unahodha, mtu aliyelowa, mwakeye ya alasiri, kidole chake. Nilipotaja kile kidole mwanamke mmoja akafunika uso kwa kanga. Nikawaomba waamini maneno yangu, nikawaambia niko tayari kuapa, nikawaambia saa yenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa anateka maji. Wakasogea kando, wakazungumza Kiha muda mrefu. Mimi nimekaa pale na fulana yangu ya mradi, yenye picha ya meli kifuani.

Mzee Filemoni aliporudi alikuwa na bakuli mikononi. La mti, jeusi kwa moshi, mfuniko wake umefungwa kwa kamba ya mgomba. Akaniwekea mapajani kwa mikono miwili.

"Hatuwezi kuzika maneno ya mtu aliyeona bora asiandike," akasema. "Hatukulaumu, wala hatukufukuzi. Ila Bukuru hakuja kwetu, alikuja kwako. Mama amekwenda, hakuna tena wa kumwekea hapa anayemjua. Wewe umemwona. Utamwekea wewe."

Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka aandikwe.

Usidhani nilikaa tu. Niliwaandikia wenye mradi, nikakiri yote, nikaomba ukurasa ufunguliwe. Niliandika mara nne. Wakanijibu baada ya miezi kwa adabu sana, wakanishukuru kwa kazi yangu kubwa, wakasema wamenifuta mimi na Joyce kwenye orodha kwa kuvunja utaratibu, lakini kitabu kile kimeshakabidhiwa, na ukurasa huo ulipita kihalali kwa sababu wasomaji wawili wamekubaliana. Unahodha akapewa tabibu wa Kibondo. Nikaenda Nyarugusu kumtafuta Papa Asukulu, anipe hata nakala aliyoandika kwa mkono kwenye daftari lake, maana alikuwa na tabia hiyo. Majirani zake wakaniambia amepelekwa nchi ya mbali na familia, na daftari zake aliwashia moto wa mwisho wa kupikia. Nikakaa kwenye kizingiti cha kibanda chake mpaka kibali changu kikaisha muda.

Mwaka uliofuata nikaomba uhamisho kuja Kibondo, nikidhani nitakuwa nimemwacha Kasulu. Nilidanganyika. Kila jioni napika ugali, tonge la kwanza linaingia kwenye bakuli. Siku za jua asubuhi nalikuta limekauka, nawapa kuku. Siku ikinyesha mvua alasiri, harufu inatangulia, kisha yale makofi mawili mlangoni. Siendi tena kufungua. Nikifunua bakuli nakuta chakula hakipo, limejaa maji hadi juu, maji safi ya baridi, na mchanga kidogo chini. Mchumba wangu aliyaona mara moja kwa macho yake, akafunga mizigo siku hiyo hiyo, na simlaumu. Dagaa siwezi kula. Niliwahi kujaribu kuacha kuweka, siku mbili tu. Siku ya tatu niliamka kitandani nimelowa chapachapa, mapafu yanauma, natapika maji ambayo sikuyanywa.

Nimeandika jina lake mahali pengi tangu hapo, kwenye madaftari, kwenye ubao wa darasa watoto wakinishangaa, na sasa hapa. Labda hii itahesabika. Nimeipeleka kwa Mzee Filemoni kabla ya kuitoa popote, akaisoma yote, akasema inahitajika na ya pili, ya mtu mwingine, isiyotoka mkononi mwangu, wawili wafanane.

Kwa hiyo wewe unayesoma, chukua kalamu. Sikutishi, nakuomba. Kama kazi yako ni kuandika watu, uko hospitali, uko mahakamani, unaandika daftari la kaya au orodha ya kambini, usimruke mtu kwa sababu mwandiko ni mbaya au muda umekwisha, maana siku moja atakuja kukuuliza mwenyewe. Na leo kabla hujalala andika mahali popote, kwa mkono wako: Bukuru wa Munanila, pacha wa Butoyi, alianguka majini saa kumi na mbili asubuhi akiteka maji ya kupikia. Halafu nitumie karatasi hiyo Kibondo. Mimi ninayo moja tu, na leo tangu saa nane wingu limeshuka.